Sura au menyu kwenye DVD ya harusi?

Video ikiwa moja, mimi huchagua alama za sura (vituo vya kurukia ndani ya video) bila menyu. Diski inaanza kucheza papo hapo, na kitufe cha kuruka kwenye rimoti kinampeleka bibi mzee anayetazama kutoka nikahi hadi kukata keki. Nafasi ipo tele: video moja hubeba hadi sura 99. Ila alama lazima ikae kwenye fremu (picha moja ya video) iliyohifadhiwa kamili, inayoanzisha kundi la fremu, na programu nyingi huisogeza zenyewe. Ikisogea mbele, neno la kwanza la shehe limepotea! Iweke kabla kidogo ya tukio.

Menyu inapendeza, lakini inadai kazi: vitufe, rangi, maandishi makubwa ya kusomeka runingani. Sendofu na harusi zikikaa diski moja, hapo siiachi.