Wakala wa ajira niliyemtumia: nyota 3 kati ya 5

Nina duka la kuku wa kukaanga kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Jina lililo juu ya mlango si langu, ni la kampuni ya nje, nami huwalipa mrabaha kila mwezi, mauzo yapande yashuke. Mapema mwaka huu nilihitaji watu 6 kwa mpigo, nikaenda kwa wakala mmoja kule Westlands.

Kwa kasi, siwalaumu. Siku ya nne watu walikuwa mlangoni, kila mmoja na faili lake: cheti cha maadili mema, cheti cha afya cha wanaogusa chakula, namba ya NSSF. Anayejua mbio za kufuatilia hizo karatasi ataelewa nilivyoshusha pumzi. Wawili wapo mpaka leo, keshia na kijana wa kikaangio. Huyo kijana husikiliza mafuta yakichemka na kukwambia yamechoka kabla hujayaona rangi.

Wanne wakaondoka. Dhamana ya wakala, mtu akiondoka mapema, ni ya siku 30 tu. Wa kwanza alitoka siku ya 37, akanipa notisi ya siku 7 kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyosema kwa aliye kwenye majaribio. Sare yake aliirudisha imefuliwa na kupigwa pasi, beji juu yake. Iliniuma kuliko angeondoka na matusi. Wiki mbili za kumfundisha vipimo vya unga na dakika za kila kipande zilitoka mfukoni mwangu. Mwenye jina hachangii hata shilingi.

Nikamuuliza, kulikoni?

“Madam, kazi naipenda. Lakini tukifunga saa nne usiku, mpaka nifike Githurai nimepanda gari mbili, na saa hizo nauli imepanda. Nabaki na nini?”

Nikaenda kuisoma upya fomu ya wakala, kurasa 5. Wameuliza anapenda michezo gani. Anakoishi hawajauliza.

Siku hizi wa zamu ya usiku nawakodishia teksi moja, na ratiba naibandika wiki mbili kabla. Tangu hapo ameondoka mmoja tu, amerudi chuoni.

Nilipolalamika, wakala alinipunguzia ada ya watu wawili wanaofuata. Nimekubali, ila fomu zao nimezipiga muhuri wangu juu, kwa wino mwekundu: UNALALA MTAA GANI?