Mwaka na nusu na lighttpd kwenye VPS ya RAM MB 512, uzoefu wangu

Wakuu, hii seva ya wavuti lighttpd (programu inayowapa watu kurasa na mafaili ya saiti) niko nayo mwaka na nusu sasa (wenyewe wanaiita lighty, mi nilikuwa naisoma herufi moja moja kama namba ya gari), kwa hiyo naona naweza kuisema, inapofurahisha na inapokera.

Nina saiti ya notsi na pastpepa za kidato cha nne, PDF tupu, na WordPress kidogo (ule mfumo wa PHP wa kuendesha tovuti) kwa ajili ya matangazo. VPS yenyewe (seva ya kukodi) ndogo kabisa, RAM MB 512, ndo mfuko ulipoishia. Zamani nilikuwa na Apache, seva nyingine ya wavuti, ile ya prefork yenye mod_php (kila mteja anapewa prosesi yake, na PHP imo humo ndani), siku za kawaida poa tu, ila ikifika Oktoba madogo wanajiandaa na NECTA basi kila jioni saiti chali, naingia nakuta kernel (kiini cha Linux) imeua MariaDB (databesi ya WordPress) maana RAM imekata, naiwasha, nusu saa tena chali.

Nilidhani watu wamekuwa wengi. Wala. Nikawasha mod_status, ukurasa wa Apache unaoonyesha nani yumo, nikakuta watu thelathini na kitu tu, ila wengi wanashusha PDF za MB 6 kwa mtandao unaosuasua, mtu anakaa dakika nne tano, na muda wote huo kashikilia prosesi nzima ya Apache yenye PHP tumboni, kwa faili ambalo halihitaji PHP hata chembe. Na Debian inakupa MaxRequestWorkers 150 (kikomo cha prosesi hizo), RAM yangu inakwisha hatujafika hata robo ya hapo.

lighttpd yenyewe ni prosesi moja, wateja wote inawazungushia humo humo kwa epoll (njia ya Linux ya kuangalia koneksheni nyingi kwa pamoja), mwenye mtandao wa konokono anasubiri zake na hagharimu kitu. Ndo ilivyoanza hata, Mjerumani Jan Kneschke aliitengeneza 2003 kuonyesha kwamba seva moja inaweza kubeba koneksheni elfu kumi kwa mpigo. Kwangu haijawahi kuvuka MB 15.

Sasa kwenye kutuni ndo niliungua. Nilikopi konfigu ya mtu, pm.max_children (kikomo cha prosesi za PHP) kwenye PHP-FPM, inayoendesha PHP pembeni ya lighttpd, ameweka 40, nami nikaweka 40, jioni ile ile MariaDB ikauawa tena nikaanza kuilaumu lighttpd bure. Hesabu ni ya dukani tu: mfumo unakula kama MB 100, MariaDB 150 (na hapo innodb_buffer_pool_size, RAM ya kuhifadhia data za databesi, nimeishusha toka 128M hadi 64M), inabaki 260 hivi, kila PHP moja ya WordPress yangu inataka 40. Weka 5 uache na akiba, pm iwe ondemand (PHP iwake ikihitajika tu). Hiyo peke yake ilisaidia kuliko vitu vyote nilivyochezea kwenye lighttpd.conf, max-connections sijui max-keep-alive-idle, hizo nimezirudisha zilivyokuwa.

Kingine, nilikuwa na skripti ya PHP inahesabu mara ngapi faili limeshushwa halafu inalitema kwa readfile. Usifanye hivyo. lighttpd kwa kawaida inasubiri PHP imalize jibu zima ndo ianze kumpa mteja, kwa hiyo PDF kubwa inajaa kwanza kwenye faili la muda. Nikawasha x-sendfile kwenye fastcgi.server (sehemu ya konfigu inayounganisha PHP), sasa PHP inahesabu, inataja njia ya faili kwenye heda, inajitoa, na seva inalituma yenyewe. Hii kitu nimeipenda mno, na ilianzia huku huku lighttpd.

Inapokera: haisomi .htaccess, yale mafaili ya amri za Apache yanayokaa ndani ya folda. Permalinki (viungo vya kurasa) za WordPress zote zilirudisha 404 mpaka nikaandika url.rewrite-if-not-file, hilo dogo. Kubwa ni kwamba nilikuwa na folda ya majibu nimeifunga kwa .htaccess, kuhamia huku ikabaki wazi kabisa, siku mbili watu wanajisevia na mi sina habari. Kabla hujahama tafuta .htaccess zote ulizonazo, moja moja, uzihamishie kwenye konfigu kwa url.access-deny.

Mafunzo ya mtandaoni nayo mengi ya kale, yanakwambia uwashe mod_compress ya kubana data wakati toka 1.4.56 kazi hiyo ni ya mod_deflate, na toleo hilo hilo ndo limeleta HTTP/2 (toleo la pili la itifaki ya wavuti). Na PDF usizipe deflate, zimeshabanwa tayari, unaichosha CPU bure. Kila ukigusa konfigu piga lighttpd -tt -f /etc/lighttpd/lighttpd.conf kabla ya kuristati, mi nilisahau mabano saa nne usiku nikalala saiti imelala.

Oktoba iliyopita haikuanguka hata siku moja, VPS ile ile. Ila kama saiti yako ni WordPress tupu, watu wanaingia kwa akaunti, wanakomenti, wananunua, usitarajie muujiza, PHP itabaki PHP ile ile na RAM itaisha vile vile.