Commodore 64 kwa anayejifunza asembli: tathmini baada ya miezi minne Dodoma

Kwa miezi minne sasa ninajifunza lugha ya asembli, yaani lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja, hatua kwa hatua, kwa kutumia Commodore 64 niliyoinunua mkononi mwa mtu, na jioni nyingi mpwa wangu, anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma, huja nyumbani Area C tukakaa nayo pamoja. Ninaipima hapa kama chombo cha kujifunzia tu. Michezo iliyoipatia umaarufu ninaiacha kando.

Kompyuta hii ilitoka mwaka 1982, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 na prosesa (chipu inayotekeleza amri) ya 6510 ya biti 8, ambayo kasi yake ni takribani megahezi 1. Udogo huo ndio uzuri wake. Rejista za kufanyia kazi, yaani nafasi ndogo za namba ndani ya prosesa, ni tatu, A, X na Y, kila moja ikibeba namba kuanzia 0 hadi 255, na hakuna kitu kinachokuzuia kugusa sehemu yoyote ya mashine. Rangi ya ukingo wa skrini inakaa kwenye anwani 53280 (anwani ni namba ya mahali ndani ya mashine): ukiweka namba pale, ukingo unageuka papo hapo.

Programu yetu ya kwanza ilikuwa na namba sita tu, yaani 238, 32, 208, 76, 0 na 192, tulizoziingiza moja moja kwa amri ya POKE, inayoweka namba kwenye anwani, kuanzia anwani 49152, eneo ambalo BASIC, lugha ya programu iliyomo kwenye mashine, hailigusi. Namba tatu za mwanzo zinaiambia prosesa iongeze 1 kwenye rangi ya ukingo. Tatu za mwisho zinairudisha mwanzo. Mpwa wangu aliandika 208 kabla ya 32, kisha akaamuru SYS 49152, yaani anzisha programu iliyoko anwani hiyo. Mashine ikakaa kimya, ukingo haukutikisika.

"Mjomba, mbona rangi haigeuki?"

Tulichukua kalamu. Prosesa hii husoma anwani kwa kuanza na baiti ndogo, yaani nusu ya anwani yenye thamani ndogo, kwa hiyo 32 na 208 maana yake ni 208 mara 256, ujumlishe 32, yaani 53280. Kwa mpangilio wake yeye, ilikuwa ikiongeza 1 kwenye anwani 8400, mahali pasipoonekana kwenye skrini. Tuliposahihisha, ukingo wote ulijaa vipande vya rangi vinavyocheza. Mzunguko mmoja wa programu huchukua mapigo 9 ya saa ya prosesa, na mstari mmoja wa picha katika mfumo wa televisheni wa PAL huchukua mapigo 63, hivyo rangi hubadilika mara saba ndani ya mstari mmoja. Kijana alihesabu vile vipande kwa kidole, na sijui darasa lipi lingemwonyesha kasi ya prosesa kwa namna hiyo.

Ili kutoka humo, unashikilia RUN/STOP kisha unapiga RESTORE. Kitufe cha pili kinataka kigongwe kwa nguvu, na changu kilikuwa kimekwama kabisa kilipofika, ingawa muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba kila kitufe kimejaribiwa. Nilikifungua na kukisafisha mwenyewe. Vumbi la kiangazi la Dodoma ni adui wa kibodi hii, kwa hiyo funika mashine kila unapomaliza.

Adapta ya zamani usiichomeke kabla ya kupimwa na fundi, kwa sababu ikichakaa inaweza kupitisha zaidi ya volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu, na chipu hizo hutazipata mtaani. Mimi nilinunua adapta mpya, nikaiunganisha kwenye stabilaiza. Umeme ukikatika, ulichoandika kimepotea. Kuhifadhi kwenye kaseti kunawezekana, lakini ni polepole mno, na daftari la namba limetuokoa mara mbili.

Asiye na fedha za mashine yenyewe apakue VICE, programu ya bure inayoiga Commodore 64 kwenye kompyuta ya kawaida, na namba zile sita zitafanya kazi vilevile. Aliye nazo anunue, mradi aombe muuzaji amwonyeshe kibodi yote ikifanya kazi, pamoja na kitufe cha RESTORE, kabla hajatoa hata shilingi.