Klabu ya sataranji Kisumu: chai nzuri, saa ina wenyewe

Nimecheza ligi ya Jumamosi ya klabu hii tangu Februari. Kiingilio ni shilingi 200, na humo mna chai ya maziwa na mandazi mawili. Kete ni nzito, hazipeperushwi na feni, na kila meza ina saa ya kidijitali inayofanya kazi. Kwa pesa hiyo sina lalamiko.

Lalamiko langu ni dakika 15. Kanuni wameibandika mlangoni: saa huwashwa saa nne kamili, na ukichelewa zaidi ya dakika 15 umeshindwa. Siipingi. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ni kali zaidi: mashindano yasipotaja muda wa kuchelewa, muda huo ni sifuri.

Juni mvua ilinyesha, matatu yangu ya kutoka Mamboleo ikakwama Kondele. Nikashuka, nikapanda boda, nikaingia nimelowa. Kati ya dakika zangu 60, saa ilisoma zimebaki 43:20. Mpinzani wangu, mzee mmoja wa Migosi, akasema, "Mwalimu, tuache tucheze. Sikuja hapa kunywa chai." Mwalimu, ndivyo tunavyomwita mwamuzi, alikuwa keshaandika sifuri yangu. "Sheria ni sheria, ndugu yangu." Haya. Nikanywa chai.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja aliingia saa nne na dakika 22, anatabasamu. Saa ya meza yake ilikuwa bado haijawashwa! Mwalimu akatueleza kwamba kijana alimpigia simu, yuko njiani. Hata mimi nilikuwa njiani.

Sasa sikiliza. Mwalimu naye anacheza ligi hiyohiyo. Siku niliyolowa nilikuwa nimemzidi nusu pointi. Na yule kijana aliyesubiriwa alikuwa anakutana na kinara wa jedwali, ambaye Mwalimu alikuwa anamfukuzia. Sisemi alinionea. Nasema hana namna ya kunifanya niamini kwamba hakunionea. FIDE wenyewe wanamruhusu mwamuzi kumsamehe aliyechelewa, na mzee wa Migosi alikuwa tayari kabisa tucheze. Mwenye kusamehe atutajie sababu sote tukisikia, na jina lake lisiwe kwenye jedwali.

Nyota 3 kati ya 5. Bado naenda. Ukienda, fika saa nne kasorobo, na mandazi uchukue mapema. Ikigonga saa tano sinia ni tupu.