Shaba au kupunguza chumvi?

Samaki wako wa baharini wa tangini akitokwa na vidoa kama punje za chumvi na kujikwaruza kwenye mawe, shuku Cryptocaryon irritans, kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe. Sisi wa Malindi tunaochota maji baharini tuna njia mbili, shaba au kupunguza chumvi, zote kwenye tangi la pembeni, mbali na tangi kuu.

Shaba ina nguvu, lakini ni kali. Ioni za shaba zikae kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, na upime kila siku: zikizidi, samaki hufa, zikipungua, vimelea husalia. Kamba na matumbawe haiwasazi kabisa. Mchanga na mawe ya chokaa huinyonya, basi viondoe.

Kupunguza chumvi ni nafuu mfukoni. Maji ya gramu 35 kwa lita unayashusha polepole kwa maji matamu yasiyo na klorini hadi gramu 14 hivi, kisha unayaacha hivyo wiki nne. (Wakati wa mvua usichote hapa ghubani, Mto Sabaki humwaga tope tupu.)

Mimi huanza na kupunguza chumvi. Ila vidoa vikiwa vumbi laini la dhahabu, huyo ni Amyloodinium, kimelea kingine, hajali chumvi kupungua: shaba siku hiyo hiyo.