Matembezi ya Msitu wa Rau, Moshi: beba daftari na penseli

Kwa wale mnaouliza Moshi hapa mtu ataenda wapi wikiendi kutuliza kichwa bila kuingia baa, mimi jibu langu ni Msitu wa Rau, na sisemi kupita tu na kurudi, nasema yale matembezi ya asubuhi ya taratibu ambayo mnaongozwa na vijana wa huku huku na kila mkifika penye kitu mnakaa chini mnachora. Sijaja kumpigia debe mtu, waongozaji wapo kadhaa, naongelea huduma yenyewe, na kwangu hii ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Watu wa Moshi tukisema msitu macho yote yanaenda juu mlimani, kumbe huku chini, kilomita chache tu toka mjini, kuna hekta kama 570 za msitu ambao hautegemei mvua peke yake, unakunywa maji ya chini ya ardhi yanayotoka Kilimanjaro. Ndo maana hata kiangazi, jua la Moshi linapochoma vile mnavyolijua, ukiingia Rau ubaridi unakupokea. Na jirani yake ndo ule mpunga wa Lower Moshi, mradi wa umwagiliaji wa miaka ya 1980 uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Hao hao Wajapani tangu 1982 serikali yao inahimiza raia waende msituni kukaa tu na kupumua kwa ajili ya afya, sasa sisi tulio na msitu unaofikika kwa bodaboda tunashindwa nini?

Mvule mkubwa kila mtu anaukimbilia kupiga nao picha na una haki yake, ila mimi kilichonishika ni maelezo, kwamba mivule ina dume na jike, ya kike ndo inazaa matunda, na mbegu popo ndo wanazisambaza usiku. Mivule mingapi ya nchi hii imeishia kuwa milango na makabati, huu umesimama. Nilikaa chini yake nikachora gome tu, sio mti mzima, gome la ukubwa wa kiganja, na hiyo ndo kazi iliyonitosha.

Lakini kituo kilichonimaliza ni cha kishona nguo, lile gugu ambalo lipo hadi nyuma ya choo cha shule. Kuna mama tulikuwa naye, sketi imejaa vishona nguo, akaanza kuvikwangua kwa hasira, kijana anayetuongoza akamwambia, "Subiri kwanza mama yangu, toa kimoja ukiweke kwenye karatasi ukichore." Akatupitishia lenzi. Asee! Ni kijiti cheusi chembamba chenye mistari, kichwani kina miiba miwili au mitatu imetanuka, na kila mwiba una vijino vimelala kuelekea nyuma, kwa hiyo kikishaingia kwenye kitambaa kwenda mbele ni rahisi kurudi hakirudi. Maisha yangu yote nimevitoa kwenye suruali na sijawahi kuviangalia. Tukachora, chai ikapoa kwenye vikombe, hakuna aliyegusa simu, na yule mama akasema taratibu kwamba tangu mzee wake aanze kuumwa hajawahi kukaa hivi bila kuwaza dawa na hospitali. Mchoro wake akaukunja akautia kwenye mkoba.

Naona siri iko hapo. Mtu akikwambia tulia usiwaze chochote, ndo yanakuja yote, ada, kodi ya nyumba, meseji za bosi, lakini ukiambiwa angalia hivi vijino vimeelekea wapi, akili inapata kakazi kadogo inakashika na mengine yanaachia yenyewe. Na huhitaji kujua kuchora, kijana hakukagua daftari la mtu, hakusema nani kachora vizuri, hilo nimelipenda sana.

Mimea mingine tulipita nayo haraka haraka, kivumbasi unachojipaka mikononi mbu wakae mbali (wapo, msidanganyike, vaeni mikono mirefu), mnavu, msesewe ambao magome yake wazee wanayatia kwenye mbege, ile pombe ya ndizi, upate ule uchungu wake. Tukamalizia kwenye uzio wa mmea wa isale nje ya mji wa mtu. Wachaga hapa hamhitaji kuelezwa, isale ndo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ndo unaloshika ukienda kuomba msamaha kwa ndugu uliyemkosea, ila wenzetu wa mikoa mingine walikuwa hawajui, wakashangaa kwamba jani linaweza kufanya mtu akubali kukaa mezani na mbaya wake. Kila mmoja akachora jani moja kimya kimya na sikuona anayeharakisha kuondoka.

Sasa yaliyoniudhi. Kundi letu lilikuwa kubwa mno, wa nyuma hawasikii wa mbele wanaambiwa nini, na kuna jamaa alikuja na spika akawasha muziki wakati mbega wako juu yetu pale na ile mikia yao myeupe mirefu, wakahama hapo hapo. Nilitegemea mwongozaji amzuie mapema, alichelewa. Kwa huduma ambayo utulivu ndo bidhaa yenyewe hilo sio jambo dogo, ndo maana natoa nyota 4 sio 5.

Mkienda, kabla ya kulipa semeni kabisa mnataka matembezi ya kuchora na kundi dogo, maana wengine wanajua yale ya kupiga picha na kukimbizana tu. Kiingilio cha Mtanzania sio sawa na cha mgeni, ulizeni na mdai risiti. Masika ya Machi hadi Mei njia inakuwa tope, bora msubiri Juni. Penseli ya kawaida inatosha, na kifutio acheni nyumbani.