Kitanda cha mbwa mkubwa hapa Dar: cha manyoya au cha turubai? Nimetumia vyote

Nina German Shepherd, dume, kilo 36, kashaingia miaka nane, analala barazani usiku. Sasa mbwa wa aina hii nyonga huwa zinawasumbua sana, na huyu asubuhi alikuwa anainuka kwa shida, halafu viwiko vimeota sugu nyeusi kwa kulala kwenye sementi. Daktari wa mifugo akanambia mtafutie kitu cha kulalia, sakafu ngumu haimfai umri huu.

Cha kwanza dada alimletea zawadi, yale makitanda ya duara yenye manyoya marefu na kingo zimetuna. Kizuri kwa macho aisee, watoto wakawa wanakilalia wao. Mbwa akakinusa, akalala wiki ya baridi ya mwezi wa saba basi, joto lilipoanza kurudi akawa anaweka kichwa tu kwenye ukingo, mwili wote uko kwenye marumaru. Na ana haki, mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema na kwa kulaza tumbo mahali pa baridi, sasa umwekee manyoya mwezi wa kumi na mbili na unyevu huu wa Dar kweli? Halafu hakina zipu, kufua ni kizima kizima, sponji inakaa siku tatu haijakauka ndani inaanza kunuka. Viroboto nao ndo wanapapenda, mayai yao yanadondoka toka kwa mbwa yanaangukia kwenye matandiko, kwahiyo kama hufui, hata umwogeshe mbwa vipi unajisumbua.

Cha pili nikatengenezesha kwa fundi geti, fremu ya bomba za mraba za inchi moja, juu turubai la kitambaa lile zito, limefungwa na kamba pembeni. Fundi anauliza, "Bosi, hiki cha mtoto?" nikamwambia cha mbwa, gereji nzima ikacheka. Wacheke tu. Ilinitoka kama 85,000 na turubai ndani yake.

Vipimo nilimpima akiwa kalala kajinyoosha, toka pua mpaka mkia unapoanzia, nikaongeza sentimita 25. Usimpime akiwa kajikunja, utapata kitanda cha paka. Urefu toka chini fundi alitaka futi nzima ili kipendeze, nikakataa, mbwa mwenye nyonga mbovu hawezi kupanda huko, tukaweka sentimita 15 na upepo unapita chini vizuri tu.

Matokeo: analala humo usiku kucha, mchana pia akiamua. Sugu hazijaisha ila zimelainika. Kuinuka bado si kijana, sitadanganya, ila hajikokoti kama mwanzo. Kufua ni kufungua kamba, brashi na sabuni, jua la masaa mawili kimekauka.

Ubaya upo. Turubai linalegea katikati, na likibonyea mbwa mzee anapata kazi kujinyanyua, kwahiyo kila baada ya muda lazima ukaze kamba. Kucha zinakwaruza, ukiwa na usingizi mwepesi utamsikia kila akigeuka. Miguu ya chuma inachora marumaru, weka raba chini. Na baridi ikiingia natandika kipande cha sponji ngumu ya inchi mbili chenye kava la zipu, ile ngumu kweli, laini inadidimia mpaka kiwiko kinagusa chini.

Kama una kambwa kadogo kanakopenda kujikunja, au uko Arusha, Njombe huko kwenye baridi, cha manyoya kitakufaa kuliko changu. Ila mtoto wa mbwa anayetafuna usimpe chochote chenye sponji, akiimeza inaziba utumbo, huo ni upasuaji.

Ukienda kwa fundi mwambie asage vizuri sehemu alizochomelea, na rangi ikauke kabisa mpaka harufu iishe kabla hujampa, maana kitu kipya lazima atakilamba.